Waziri wa Afya Aliyehepa na Siri za Idi Amin: Stori ya Kweli ya Henry Kyemba

Kama ushawahi kucheki ile muvi ya The Last King of Scotland, ile ya 2006 iliyompa Forest Whitaker Oscar, basi unamkumbuka yule daktari kijana mzungu. Anatua Uganda, anakuwa beshte wa Idi Amin, anakula raha, kisha anaanza kuona maiti, anashtuka, na mwisho anachomoka Entebbe na ndege ya mateka. Stori tamu. Shida ni moja tu: huyo daktari hakuwahi kuwepo. Ni mtu wa kubuni, alitolewa kwa riwaya.

Mtu aliyekuwa karibu na Amin kweli kweli, akaingia mochari na kuona kwa macho yake, akapigiwa simu na kuambiwa maneno ambayo alijua ni uongo, halafu akahepa na kuanika kila kitu, hakuwa mzungu. Alikuwa Msoga wa hapo Jinja, masaa machache tu ukishavuka Busia. Jina lake Henry Kyemba, waziri wa afya wa Uganda. Na stori yake ni nzito kushinda ya muvi, kwa sababu Kyemba hakukaa na Amin wiki mbili tatu. Alikaa naye miaka sita.

Miaka sita, wasee. Hapo ndipo watu hukosana hadi leo wakimtaja. Kuna wanaomwita shujaa. Kuna wanaouliza: buda, kama ulikuwa unaona hayo yote, ulikuwa unangoja nini?

Hebu tuanze mwanzo, ndio uelewe.

Alirithiwa pamoja na ofisi

Kyemba alizaliwa 1939 upande wa Busoga. Akasoma Busoga College Mwiri, shule hiyo hiyo aliyopitia Milton Obote, kisha Makerere. Uganda ikapata uhuru 1962 ikiwa na vijana wachache wenye digrii, kwa hivyo msee kama yeye hakukaa kijiweni kutafuta kazi. Aliingia ofisi ya Obote, akapanda hadi akawa katibu wake wa kibinafsi. Yule mtu anayejua nani anaingia kwa mkubwa, nani anangojeshwa nje, na barua gani imelala kwa droo.

Januari 1971, Obote alienda Singapore kwa mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola. Kyemba alikuwa kwa msafara. Tarehe 25, wakiwa bado nje, mkuu wa jeshi Idi Amin akachukua nchi. Askari mmoja akasoma kwa redio sababu 18 za kumtoa Obote. Obote akapitia hapa Nairobi, mapokezi yakawa baridi, akaendelea Dar es Salaam ambapo Nyerere alimkaribisha. Kyemba alikuwa na njia mbili: kubaki ukimbizini na mdosi aliyepoteza kiti, au kurudi nyumbani kwa mdosi mpya.

Alirudi.

Kabla hujamrushia mawe, kumbuka siku hizo Kampala watu walikuwa barabarani wakisherehekea. Wafungwa wa kisiasa waliachiliwa. Waingereza na Waisraeli walimkumbatia Amin fasta. Hakuna aliyekuwa anamwita mchinjaji. Alionekana askari mcheshi, bingwa wa zamani wa ndondi, mkubwa wa mwili, anayependa kucheka na watu.

Na Amin alihitaji watu kama Kyemba vibaya sana. Yeye mwenyewe masomo yake yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, alikulia jeshini chini ya Waingereza. Nchi huwezi kuendesha kwa bunduki peke yake. Lazima kuwe na mtu anayejua faili iko wapi, mshahara wa walimu unatoka akaunti gani, barua kwa balozi inaandikwa vipi. Ndiyo maana baraza lake la kwanza la mawaziri lilijaa raia wasomi, watu wa ofisi. Amin akawafanyia kitu kimoja cha ujanja: akawaapisha kama makadeti wa jeshi. Ukishakuwa kadeti, wewe si waziri wa kubishana tena. Wewe ni askari wa kupewa amri, na askari akikataa amri unajua kinachomngoja.

Kyemba akawa katibu wa rais na katibu wa baraza la mawaziri. 1972 akapewa wizara ya utamaduni. 1974 akahamishwa wizara ya afya. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomweka mahali pabaya kuliko zote, na tutafika huko.

Vile watu walianza "kupotea"

Mauaji yalianza mapema, ila yalianzia kambini, mbali na macho ya raia. Wanajeshi Waacholi na Walango, kabila la Obote na majirani zao, waliuawa kwa wingi ndani ya mwaka huo huo wa 1971. Raia wa Kampala wangejuaje? Redio haikusema.

1972 ndio kifuniko kilitoka. Agosti, Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Septemba, wapiganaji wa Obote wakajaribu kuvamia kutoka Tanzania, wakashindwa, na Amin akapata kisingizio alichokuwa anatafuta. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akachukuliwa kutoka Mahakama Kuu mchana kweupe. Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, naye akachukuliwa. Hawakuonekana tena. Serikali ikawa na lugha yake: fulani "amepotea", fulani "ametorokea Tanzania". Nyumba ya mtu inabaki na sahani mezani na serikali inakwambia ametoroka.

Waliokuwa wanafanya hiyo kazi walijulikana. State Research Bureau, makao yao Nakasero, vijana wa miwani meusi na suruali pana. Jina lao ukilisikia unaweza kudhani ni watu wa maktaba. Wengine walikuwa Naguru, wengine polisi jeshi wa Makindye.

Kyemba mwenyewe alipoteza kaka yake mikononi mwa serikali hiyo aliyoitumikia. Fikiria hilo. Unazika, au hata huna cha kuzika, halafu Jumatatu unavaa suti unaenda mkutano wa mawaziri, na mwenye kikao ni yule yule.

Na kuna suala la mto. Kabla daraja jipya la Jinja kufunguliwa 2018, magari ya kutoka Kenya kwenda Kampala yalikuwa yanapita juu ya bwawa la Owen Falls. Wazee waliosafiri njia hiyo miaka ya sabini wanaweza kukupa stori ambazo hazifai wakati wa chakula. Miili ilikuwa inatupwa kwa Nile na inakuja kukwama hapo bwawani. Kyemba, mtoto wa Jinja, anaandika jinsi ilibidi kuwe na boti ya kutoa maiti majini. Hiyo ilikuwa kazi ya watu. Wanaamka asubuhi wanaenda kazini.

Mochari iko chini ya wizara gani?

Waziri wa fedha anaweza kujifanya hajui. Waziri wa elimu anaweza kusema yeye ni wa shule. Waziri wa afya hawezi. Hospitali ya Mulago iko chini yake, na mochari ya Mulago iko chini yake. Kila uongo wa Amin kuhusu nani amekufa vipi ulikuwa lazima upitie mezani pa Kyemba, kwa sababu mwili haudanganyi, na wenye kuupokea mwili ni watu wake.

Cheki Agosti 1974. Kay, mke wa Amin ambaye alikuwa amempa talaka miezi michache iliyopita pamoja na wenzake Malyamu na Nora, akapatikana amekufa. Mwili wake ulikuwa ndani ya buti ya gari, umekatwa. Gari lilikuwa la daktari aliyedaiwa kuwa mpenzi wake, na daktari mwenyewe akajiua. Uvumi ukajaa Kampala nzima kwamba Amin ndiye aliyemkata. Muvi nayo ikaongeza chumvi yake, ikaonyesha mikono na miguu ikishonwa kinyume. Kyemba, ambaye alikuwa waziri siku hiyo, anasimulia tofauti: Kay alikufa katika jaribio la kutoa mimba lililoenda vibaya, na Amin akaagiza mwili ushonwe urudi kuwa mzima kabla ya kuwaonyesha watoto wake. Mahali pao palivyopaswa kuwa, si kinyume.

Mimi hapo ndipo nilianza kumwamini Kyemba. Mtu anayetaka kuuza kitabu angechukua ule uvumi mkubwa na kuupiga muhuri. Yeye alikuwa na sababu zote za kumpaka Amin damu, na bado kwa hii moja akasema hapana, haikuwa hivyo.

Kisha ikaja 1976, na hapa Kenya imo ndani.

Juni 27, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ikatekwa baada ya kupitia Athens, ikaishia Entebbe. Amin akajifanya mpatanishi huku askari wake wakiwalinda mateka. Wengi wasio Waisraeli wakaachiliwa. Kati ya waliobaki kulikuwa na shosho mmoja, Dora Bloch, mwenye uraia wa Uingereza na Israel, aliyekuwa safarini kwenda harusi ya mwanawe New York. Chakula kikamkwama kooni. Akapelekwa Mulago.

Usiku wa Julai 3 kuamkia 4, makomando wa Israel wakashuka Entebbe, wakachukua mateka, wakapitia Nairobi kuongeza mafuta, wakaenda zao. Walimwacha mtu mmoja, na hawakuwa na namna ya kumfikia. Dora Bloch alikuwa kitandani Kampala.

Siku hiyo ya Jumapili, mwanadiplomasia wa Uingereza alimwona wodini akiwa hai, akatoka kwenda kumtafutia chakula. Aliporudi hakuruhusiwa kuingia. Kyemba anaeleza kilichotokea: maafisa wa Amin waliingia, wakamburuta yule shosho kutoka kitandani mbele ya wauguzi na wagonjwa, akipiga mayowe, na hakuna aliyethubutu kusimama. Wakamuua. Mpiga picha wa gazeti la serikali, Jimmy Parma, inaelezwa alipata kupiga picha ya mwili, na yeye pia akauawa.

Halafu ikaja ile amri. Serikali ilitaka iandikwe kwamba Dora Bloch alikuwa amesharudishwa uwanja wa ndege kabla ya makomando kufika. Yaani, muulizeni Israel, sisi hatuna. Na hiyo karatasi ilipaswa kutoka hospitali. Hospitali ni ya nani? Ya Kyemba.

Waingereza hawakununua hiyo hadithi, na mwezi huo huo wakakata uhusiano na Uganda. Amin naye akawageukia Wakenya walioishi Uganda, kwa sababu ya yale mafuta ya Nairobi, na wengi wakauawa. Mapema mwaka huo alikuwa ameshadai kwamba kipande kikubwa cha magharibi mwa Kenya ni cha Uganda. Kwa hivyo ukisikia wazee wetu wakimtaja Amin kwa chuki, si habari za jirani tu.

Februari 1977: wenzake wa mezani

Kama kulikuwa na siku ambayo Kyemba alijua hana muda tena, nadhani ni hii. Tarehe 16 Februari 1977, Amin aliwakusanya watu Kampala, akaonyesha silaha alizosema zilipangwa kumpindua, na kumtaja Askofu Mkuu Janani Luwum. Jioni hiyo Luwum akazuiliwa pamoja na mawaziri wawili: Erinayo Oryema wa ardhi na Charles Oboth-Ofumbi wa mambo ya ndani. Redio ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari wakijaribu kumshambulia dereva.

Kyemba anasema Amin mwenyewe alimpigia simu kumpa habari ya hiyo "ajali" na kumtaka ashughulikie miili. Asubuhi akaenda mochari. Ilikuwa imejaa risasi.

Sasa jiweke hapo. Oryema na Oboth-Ofumbi hawakuwa wapinzani wa msituni. Walikuwa mawaziri, walikaa naye kwa meza moja, wakala kiapo kile kile, wakapigiana makofi Amin akihutubia. Utiifu haukuwasaidia chochote. Kule Namirembe waumini walichimba kaburi la Luwum na likabaki tupu, kwa sababu serikali ilipeleka mwili kaskazini Kitgum na kuuzika huko bila wao.

Kuhepa si kununua tiketi tu

Watu husema kirahisi, "si angeondoka tu?" Kuondoka serikali ya aina hiyo si kama kuacha kazi Nairobi unatuma barua pepe kwa HR. Waziri hasafiri nje bila mkubwa kujua. Ukiuza nyumba, mtu atauliza kwa nini. Ukitoa pesa nyingi benki, karani ana binamu State Research. Ukiwatanguliza mke na watoto wote kwa siku moja, umejiandikia hukumu. Ukiwaacha, umeacha rehani. Na huku unapanga, lazima uonekane na furaha: ucheke mzaha wa Amin, umpongeze, usikonde. Mtu akikonda ghafla huko, watu wanaanza kuuliza anawaza nini.

Wengine walishatangulia. Edward Rugumayo, waziri wa elimu, alijiuzulu 1973 akiwa nje ya nchi. Wanume Kibedi, waziri wa mambo ya nje na shemeji ya Amin kabisa, kaka yake Malyamu, aliondoka mwaka huo huo na baadaye akamwandikia Amin barua ya wazi ya kumshtaki kwa mauaji. Elizabeth Bagaya, binti mfalme wa Toro, alifutwa 1974 kwa kashfa ya kutungwa ya choo cha uwanja wa ndege Paris, akachomoka kupitia Kenya. Mwaka wa 1977 wenyewe, waziri wa sheria Godfrey Lule alihepa pia, na ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Kyemba.

Kila mmoja aliyeondoka alifanya iwe ngumu zaidi kwa aliyebaki. Amin hakuwa mjinga. Aliona mawaziri wakipanda ndege na kutorudi, na akaanza kuangalia kwa makini nani anaomba safari.

Lakini kuna safari ambazo hata dikteta ni vigumu kuzizuia. Shirika la Afya Duniani hufanya mkutano wake mkuu Geneva kila Mei, na waziri wa afya wa nchi yoyote anatarajiwa kuwa huko. Si safari ya kuombea ruhusa kwa woga, ni safari iliyo kwa kalenda. Mei 1977 Kyemba alienda Geneva kama mjumbe halali wa Uganda, akakaa kitini chenye jina la Uganda, na mkutano ulipoisha akaelekea London. Hakurudi.

Juni, gazeti la Sunday Times la London likaanza kumwaga stori yake. Muda ulikuwa mtamu kwa wapinzani na mchungu kwa Amin: viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wanakutana London mwezi huo huo, na Amin alikuwa ametishia kufika bila kukaribishwa. Hakufika, na mkutano ukailaani serikali yake kwa ukiukaji wa haki za binadamu. Kabla mwaka kuisha kitabu kilikuwa madukani, A State of Blood.

Kwa nini neno la mtu wa ndani ni zito hivyo?

Wakimbizi wa Uganda walikuwa wameshasema kuhusu mauaji miaka mingi. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikuwa imeshatoa ripoti. Bado serikali ya Amin ilikuwa na jibu lile lile: hao ni maadui, ni watu wa Obote, ni mabeberu. Na ni kweli mkimbizi anaweza kuwa amesikia tu kwa mwingine.

Kyemba aliwanyima hiyo nafasi. Ukisema Luwum alikufa kwa ajali, anayekujibu ni yule uliyempigia simu wewe mwenyewe kumwambia ni ajali. Ukisema Dora Bloch aliondoka hospitali, anayekujibu ni mwenye hospitali. Uongo wa serikali unategemea watu wengi wadogo kuuandika vizuri, na mmoja wao akiamua kutoa daftari lake, hakuna msemaji wa kuziba hilo shimo.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kitabu kilimwangusha Amin. Bei ya kahawa ilikuwa juu sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil, na kahawa ndiyo iliyokuwa inaleta dola Uganda. Silaha zilikuwa zinatoka Urusi, urafiki na pesa Libya. Ndege zilikuwa zinaenda Stansted hapo Uingereza kuchukua wiski na vitu vya raha vya maafisa wa jeshi, hata baada ya uhusiano kukatwa. Biashara ni biashara. Marekani ilipiga marufuku kahawa ya Uganda mwaka wa 1978 tu, na mwezi huo huo wa Oktoba Amin akafanya kosa lake kubwa la kuvamia Kagera, Tanzania. Nyerere akamfuata hadi ndani. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Ndipo mabaki ya Dora Bloch yakapatikana, mwaka huo huo, na kurudishwa Israel kuzikwa.

Shujaa ama mshirika?

Sasa turudi kwa lile swali.

Upande mmoja uko wazi. Kibedi na Rugumayo walionyesha kwamba 1973 iliwezekana kuondoka. Kyemba aliona Kiwanuka akichukuliwa, akampoteza kaka yake, na bado akapokea wizara nyingine mbele. Mtu msomi aliyeweka sahihi zake kwa miaka sita aliisaidia hiyo serikali kuonekana serikali, si genge. Wizara ya afya ikifanya kazi, hata kidogo, balozi wa nje anapata sababu ya kusema mambo si mabaya sana.

Upande mwingine una uzito pia. Hospitali zingeendeshwa na nani? Waasia walifukuzwa, madaktari wengi wakaondoka, na nchi bado ilikuwa na wagonjwa wasio na hatia ya siasa. Na familia kubwa ya Kiafrika si mke na watoto wawili wa kuweka kwa gari. Ni wazazi, ndugu, wapwa, kijiji kizima chenye jina lako. Wewe uko salama London, Amin yuko na anwani ya mamako.

Lakini kuna kitu kinachonisumbua mimi zaidi ya hizo pande mbili. Angeondoka 1973 kama wenzake, angekuwa safi zaidi, na angekuwa na machache sana ya kusema. Asingekuwa mwenye Mulago wakati Dora Bloch anaburutwa. Asingeona miili ya Luwum na wenzake. Ushahidi wake ulitoka kwa kukaa kwake, na kukaa kwake ndiko watu wanakomlaumu. Huwezi kukata hivyo vitu viwili ukabaki na kimoja. Familia ya Bloch ilipata ukweli kutoka kwa mtu aliyekuwa bado anamwita Amin mheshimiwa miezi kumi baadaye.

Wengine duniani waliwahi kuigeuka serikali wakashindwa kumaliza safari. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam, alihepa Iraq 1995 na siri za silaha, akaishi Jordan miezi michache, akaahidiwa msamaha, akarudi nyumbani Februari 1996. Aliuawa ndani ya siku chache. Kyemba hakuahidiwa chochote na hakurudi hadi aliyemkimbia alipokuwa ameshatoka.

Aliporudi Uganda hakujificha. Aliingia siasa tena na utumishi wa umma chini ya Museveni. Mwaka wa 1987, mbele ya tume iliyoundwa kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu wa serikali zilizopita, alisema tena kilichompata Dora Bloch, mara hii si kwa gazeti la London bali Kampala, mbele ya Waganda wenzake, wakiwemo waliokuwa na maswali ya kumuuliza yeye mwenyewe.

Amin hakuwahi kukaa mbele ya tume yoyote. Alipitia Libya, akaishia Saudi Arabia, akafa Jeddah Agosti 2003 akiwa kitandani hospitalini, na hakuna aliyekuja kumburuta. Mzee Kyemba alimpita kwa miaka 20. Alifariki Oktoba 2023 akiwa na umri wa miaka 84, na hadi miaka yake ya mwisho waandishi walikuwa bado wanamfuata kumuuliza yale yale: simu ilisema nini, mochari uliona nini, na kwa nini hukuondoka mapema.